Kamera ya Joto Juu ya Nguzo: Ukaguzi wa Njia za Umeme Tabora

Kiungio cha waya wa umeme kikilegea au kikiliwa na kutu, umeme hupita kwa shida, na shida hiyo hugeuka joto. Kikiachwa, waya hukatika au moto huzuka. Jicho halilioni joto hilo mpaka chuma kiwe chekundu. Kamera ya joto hulinasa mapema, kwa kupokea miali ya infraredi, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800. Ikifungwa kwenye ndege nyuki, fundi hukagua vilele vya nguzo akiwa chini, umeme ukiwa umewashwa.

Magharibi mwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee.  Njia za umeme za huko hupita kwenye misitu ya miombo: ile ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda ina urefu wa karibu kilomita 383. Masika mbuga za udongo mweusi hujaa maji na magari hukwama. Hitilafu ikitokea katikati ya pori, mafundi huchelewa kuifikia, na huku mjini wodi na majokofu ya chanjo hutegemea jenereta.

Ndege nyuki ndogo ya betri hukaa angani nusu saa hivi, na kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa hiyo haifuati njia nzima kwa mruko mmoja. Husogezwa kwa gari kutoka sehemu hadi sehemu. Penye faida ya haraka zaidi ni kituo cha kupoza umeme, kwa kuwa viungio, swichi na transfoma vimekusanyika mahali pamoja.

Kazi ngumu ni kuisoma picha. Fundi hulinganisha waya tatu za njia moja. Tuseme viungio viwili vina nyuzi joto 33 za Selsiasi na cha tatu 41. Tofauti ya nyuzi 8 yaonekana ndogo, lakini kama njia ilikuwa imebeba nusu tu ya mzigo wake, mzigo ukijaa tofauti hiyo yaweza kukua mara tatu hadi nne. Mwongozo wa NETA, chama cha upimaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, hutaka marekebisho ya haraka tofauti kati ya vifaa vya aina moja vyenye mzigo sawa ikizidi nyuzi 15. Picha isiyoandikiwa mzigo wa saa ile ni nusu ya taarifa.

Upepo nao hupoza kiungio kibovu kikaonekana kizima. Alumini mpya inayong'aa hupotosha zaidi: hutoa miali kidogo na kuakisi ubaridi wa anga. Jua la mchana hupasha kila kitu, hivyo alfajiri au jioni hufaa zaidi, na jioni ina nafuu ya ziada kwa kuwa matumizi ya majumbani huwa yamepanda.

Nguzo ya mti iliyoliwa na mchwa kwa ndani haionekani kwenye kamera hii. Hiyo bado hugongwa kwa nyundo. Kiungio kilichotengenezwa nacho hupigwa picha upya chini ya mzigo unaokaribiana na ule wa kwanza, ndipo hukubaliwa kuwa kimepona.