Askari wa Burundi Nchini Somalia (2): Posho na Njia Yake

Wiki iliyopita tuliishia Desemba 2007, askari wa kwanza wa Burundi waliposhuka Mogadishu. Mwaka mmoja tu nyuma, Burundi yenyewe ilikuwa bado inalindwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa, ONUB, kilichofunga virago mwisho wa 2006. Mazungumzo na waasi wa FNL yalikuwa hayajaisha. Nchi ya kilomita za mraba 27,834, ambayo jana ilikuwa inapokea walinda amani, leo inawatoa. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwa neno moja: fedha. Sawa, lakini fedha hizo zilitoka kwa nani, zikapita kwa nani, na nani aliweza kuzizuia?

AMISOM, kikosi walichojiunga nacho Warundi huko Somalia, haikuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Iliundwa na Umoja wa Afrika Januari 2007, na Baraza la Usalama likaipa idhini mwezi uliofuata kwa Azimio 1744. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wenye kofia za buluu hugharimiwa na michango ambayo kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa inalazimika kuitoa. Umoja wa Afrika hauna hazina ya namna hiyo. Kwa hiyo mzigo ukagawanywa. Marekani na Ufaransa zilisaidia mafunzo kabla ya askari kuondoka. Kuanzia 2009, Umoja wa Mataifa ukagharimia chakula, mafuta na matibabu. Posho za askari zikabebwa na Umoja wa Ulaya.

Posho hiyo ilipanda hadi dola 1,028 kwa askari mmoja kwa mwezi, katika nchi ambayo pato la mtu kwa mwaka mzima lilikuwa kama dola 300. Lakini haikwenda moja kwa moja mfukoni mwake. Ilitoka Brussels ikaenda Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, kisha ikaingia Benki Kuu ya Burundi. Serikali ilikata kama dola 200 kwa kila askari, ndipo kilichobaki kikamfikia mwenyewe, mara nyingi kwa kuchelewa. Hazina ya Bujumbura, yenye njaa ya fedha za kigeni, ilipata dola halisi kila malipo yalipoingia. Kwa uchumi mdogo kama ule, hilo si jambo la pembeni.

Wanaoishia hapo wakasema Burundi iliuza askari wake, nadhani wanasahau jeshi lenyewe lilikuwa nini. Mkataba wa Arusha wa 2000 na katiba ya 2005 viliweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Wanajeshi wa zamani na waasi wa CNDD-FDD waliokuwa wakiwindana msituni walivishwa sare moja. Somalia iliwapa kazi ya pamoja, mafunzo na adui wa pamoja, na iliwapa pia matumaini ya kujenga nyumba wakirudi. Nani angetaka kuvunja jeshi lenye zamu ya kwenda Somalia?

Gharama yake ilikuwa damu. Septemba 17, 2009, magari ya kujitoa mhanga yaliingia makao makuu ya AMISOM mjini Mogadishu na kuua walinda amani 17, miongoni mwao Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi, naibu kamanda wa kikosi. Oktoba 2011, baada ya mapigano ya Dayniile, al-Shabaab, wapiganaji ambao AMISOM ilikuwa ikipambana nao, walitandaza hadharani miili mingi waliyosema ni ya Warundi. Bujumbura ilikuwa nzito kutaja idadi ya waliokufa, na familia nyingi zilipata habari kwa redio na simu kabla ya kuzipata kwa serikali.

Kisha ukaja 2015. Rais Pierre Nkurunziza aligombea muhula wa tatu, Jenerali Godefroid Niyombare akajaribu kumpindua Mei 13 na kushindwa, na ufa ukapita katikati ya jeshi lile lile. Mwezi uliofuata al-Shabaab walivamia kambi ya Warundi ya Leego na kuua makumi. Machi 2016, Ulaya ilisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, ikajikuta mahali pagumu: ingewaadhibuje watawala huku ikipitisha dola za askari zaidi ya 5,000 katika benki yao kuu? Ikataka askari walipwe bila serikali kushika fedha. Bujumbura ikakataa, posho zikasimama miezi mingi, na Januari 2017 Nkurunziza akatishia kuwaondoa askari wote.

Hapo ndipo nchi ndogo ilipoonyesha nguvu yake. Hakuna aliyekuwa na askari wengine wa kuziba pengo hilo haraka, na Ulaya ilijua. Februari 2017 Umoja wa Afrika na Burundi walikubaliana posho zipitie benki ya biashara. Kila upande ukadai umeshinda. Kwa maoni yangu Bujumbura ilishinda zaidi, maana askari walibaki na serikali ikabaki na mlango wake Addis Ababa.

Lakini turufu ya namna hiyo hudumu kadiri wenye kulipa wanavyokuhitaji. Mwishoni mwa 2018 Umoja wa Afrika uliitaka Burundi ipunguze askari 1,000 ifikapo Februari 2019, na tangu Januari 2025 kikosi kipya, AUSSOM, kimeanza kazi bila Warundi. Wiki ijayo tutaangalia jinsi walivyoondoka, na kwa nini safari hii mvutano ulikuwa na Mogadishu, si Brussels.

Itaendelea.