Senti za Watoto na Manowari ya Miti

Ni mara chache mjukuu kuvua samaki kwa mtumbwi wa babu yake. Mti ukikaa majini huoza, wadudu huutoboa, jua huupasua, na mwisho mtumbwi huwa kuni. Lakini huko Marekani, katika bandari ya Boston, iko manowari ya miti iliyoshushwa majini mwaka wa 1797, nayo yaelea mpaka leo. Jina lake ni Constitution, maana yake Katiba. Kila mwaka watu wengi hupanda kuitazama, na mabaharia wa serikali bado huitumikia. Waingereza wanayo Victory, iliyo kongwe zaidi, lakini hiyo imewekwa nchi kavu. Katika manowari zinazoelea na kuhesabiwa bado kuwa za jeshi, hakuna iliyo na umri kama hii.

Yafaa tujue imedumuje, maana haikudumu kwa bahati.

Mwaka wa 1794 serikali changa ya Marekani ilikata shauri kujenga manowari sita, kwa kuwa merikebu za wafanya biashara wake zilikuwa zikitekwa na maharamia wa Afrika ya Kaskazini. Constitution ilijengwa Boston. Mataruma yake yalichongwa kwa mwaloni wa pwani ya kusini, mti mzito na mgumu sana, na ubavu wake ulikuwa na unene wa zaidi ya dhiraa moja. Sehemu ya chini ilifunikwa kwa mabamba ya shaba ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Urefu wake ni futi 204, na mlingoti mkubwa wafika futi 220. Kwanza merikebu yenyewe iligoma kushuka. Mwezi wa Septemba 1797 walijaribu ikasogea kidogo tu, ikakwama. Ndipo tarehe 21 Oktoba ikakubali kuingia majini.

Mwaka wa 1812 Wamarekani walipigana na Waingereza. Tarehe 19 Agosti Constitution, chini ya nahodha Isaac Hull, ilikutana na manowari ya Waingereza iitwayo Guerriere. Wasema kwamba baharia mmoja, alipoona risasi za mizinga zikigonga ubavu na kuanguka baharini, alipiga kelele kwamba mbavu zile ni za chuma. Watu walikufa pande zote mbili, na Guerriere ikavunjika vibaya hata ikabidi kuteketezwa. Tangu siku ile Constitution ikapewa jina la utani, Mzee Mbavu za Chuma.

Baada ya vita ilisafiri mbali. Mwaka wa 1844 ilianza safari ya kuizunguka dunia, na njiani ikatia nanga Unguja. Siku zile wafanya biashara kutoka pande za Boston walikuwa wakija huko na vitambaa vya pamba, na ndiyo asili ya nguo ambayo bibi zetu waliiita merikani. Mwaka wa 1849 ilikuwa Gaeta, pwani ya Italia. Baba Mtakatifu Pio IX alikuwa amekimbilia huko kwa sababu ya machafuko ya Roma. Tarehe 1 Agosti alipanda merikebuni pamoja na Mfalme Ferdinand II, akawabariki mabaharia Wakatoliki, na mizinga ikapigwa mara 21 kwa heshima. Na mwaka wa 1853, ikilinda bahari upande wa magharibi wa Afrika, iliikamata merikebu ya Wamarekani iitwayo H. N. Gambrill, iliyokuwa katika biashara ya watumwa.

Lakini sifa hazizibi ufa. Mara tatu chombo hiki kilikaribia kupotea kabisa.

Mara ya kwanza ni mwaka wa 1830. Gazeti moja la Boston liliandika kwamba wakubwa wanakusudia kuivunja. Kijana wa miaka 21, Oliver Wendell Holmes, aliposoma habari ile alitunga shairi la kuitetea. Shairi likachapwa mji kwa mji, watu wakapaza sauti, na merikebu ikatengenezwa. Mara ya pili ni mwaka wa 1905. Waziri wa manowari alitoa shauri ikokotwe mpaka baharini, wanajeshi waipige mizinga kwa kujifunza shabaha mpaka izame. Wananchi wakakasirika tena. Serikali ikatoa dola 100,000 kuitengeneza, na mwaka wa 1907 ikafunguliwa watu waitazame.

Mara ya tatu hakukuwa na adui wala waziri mkali, ila uozo tu. Mwaka wa 1924 mafundi waliikagua wakaona mbao zake nyingi zimeoza. Serikali ilikubali itengenezwe, lakini ikataka fedha zitoke kwa wananchi. Basi chama kimoja kiitwacho Elks kikawaendea watoto wa shule nchi nzima na kuomba senti. Watoto wakatoa senti, mmoja mmoja, darasa kwa darasa, hata zikafika karibu dola 150,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo kibaba hicho hakikutosha, wala tusijidanganye. Kila mafundi walipobandua ubao waliona ubovu mwingine, na gharama ikazidi kupanda mpaka kufika dola 946,000. Watu wazima wakauza picha za merikebu na vitu vilivyochongwa kwa mbao zake kuukuu. Mwisho, mwaka wa 1930, serikali nayo ikakubali kutoa sehemu iliyobaki. Senti za watoto hazikulipa yote, lakini ndizo zilizotangulia, na wakubwa wakaona haya kubaki nyuma. Tangu 1931 mpaka 1934 merikebu ilikokotwa bandari kwa bandari, na zaidi ya watu milioni 4 wakaja kuiona. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliotoa senti. Hawakutozwa kiingilio.

Msomaji aweza kuuliza: Je, ni haki kutumia mali yote hiyo kwa chombo kilichojengwa kwa ajili ya kuua? Swali hilo ni jema. Jibu langu ni kwamba chombo cha zamani kikitunzwa husema kweli yote, ya sifa na ya aibu. Katika watu walioikata ile mialoni ya kusini walikuwamo watumwa weusi. Katika mabaharia waliopigana mwaka wa 1812 walikuwamo weusi pia, na nchi yenyewe ilikuwa bado inashika watumwa. Kisha merikebu hiyo hiyo ikatumwa kuwakamata wachuuzi wa watumwa. Mambo hayo yote yamo katika merikebu moja. Kama ingalizamishwa mwaka wa 1905, ni rahisi watu kukumbuka ushindi peke yake na kusahau mengine.

Tena iko kazi ya kila siku. Tarehe 21 Julai 1997 Constitution ilitandaza matanga yake na kwenda yenyewe, mara ya kwanza baada ya miaka 116, na mwaka wa 2012 ikafanya hivyo tena. Tangu 2015 mpaka 2017 ilikuwa chelezoni ikitengenezwa. Katika mbao za siku ile ya 1797 imebaki kama sehemu moja katika kumi hivi. Nyingine zote zimebadilishwa, ubao kwa ubao, na mafundi wa kila kizazi.

Na mbao za kesho zitatoka wapi? Katika jimbo la Indiana, mbali kabisa na bahari, jeshi la manowari lina msitu, na ndani yake imetengwa mialoni kwa ajili ya Constitution tu. Miti hiyo inaendelea kunenepa. Mingine itakatwa na mafundi ambao leo hawajazaliwa. Wazee waliotenga msitu huo walijua hawataiona kazi yake, nao wakautenga. Kila kijiji chetu kina kitu kinachongoja watu wa namna hiyo: kisima, daraja, nyumba ya shule. Wa kukisifu ni wengi. Wa kutoa senti ya kwanza, na wa kurudi mwaka ujao kuziba ufa, hao ndio wanaotafutwa.