Asiyeamini Mungu anaishi kwa ajili ya nini?

Katika masoko ya mpakani jina la Mungu linafanya kazi kutwa nzima. Muuza vitenge anaapa, "Wallahi, hapa sipati hata faida." Dalali wa mahindi anasema Mungu ndiye shahidi wake kwamba gunia halijaguswa. Wawili wanaoachana kwa wiki mbili, mmoja akivuka kurudi kwao na mzigo ambao bado hajaulipia, wanaagana kwa "Mungu akipenda". Mzigo huo umetolewa kwa mali kauli. Hakuna hundi wala dhamana ya benki. Kuna neno tu, na juu ya neno hilo amewekwa Mungu awe shahidi.

Kwa hiyo mtu anayesema waziwazi kwamba haamini kuwa Mungu yupo huwashtua wenzake. Swali la kwanza huwa la biashara: huyu akiapa, anaapa kwa nani? La pili hufuata baadaye, penye chai au ndani ya basi la usiku, nalo ni zito zaidi. Mtu wa namna hii anaamka asubuhi kwa ajili ya nini? Kama hakuna aliyemuumba, na hakuna anakokwenda baada ya kufa, maisha yake yana maana gani?

Watu hao wapo miongoni mwetu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 walioandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu, kati ya wakazi wapatao milioni 47.6. Hesabu hiyo imewatia kapu moja watu wa aina mbili, kwa kuwa wapo wasio na kanisa wala msikiti ambao hata hivyo wanamwomba Mungu kila usiku. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Na cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kinauliza bidhaa ilitoka wapi. Imani ya mwenye mzigo haimo.

Chama kilichosimamishwa

Februari 2016 chama cha watu wasioamini Mungu kilisajiliwa rasmi nchini Kenya. Aprili ya mwaka huohuo usajili wake ukasimamishwa, baada ya viongozi wa makanisa kulalamika. Chama kikaenda mahakamani, na miaka iliyofuata kiliendelea na shughuli zake. Katiba ya Kenya inamtaja Mungu Mwenyezi katika utangulizi wake, lakini Ibara ya 8 inasema nchi haina dini ya taifa, na Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Katiba ya Tanzania nayo, katika Ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, huku Ibara ya 19 ikilinda uhuru wa kila mtu kuamini. Mahakamani Kenya, shahidi asiye na dini haapi kwa kitabu kitakatifu. Anathibitisha kwa neno lake kwamba atasema kweli, na akisema uongo adhabu ni ileile.

Mwaka 2021 katibu wa chama hicho alijiuzulu. Alisema amempata Yesu Kristo, baada ya kupitia kipindi kigumu maishani. Chama chenyewe ndicho kilichoitangaza habari hiyo, kikamshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri katika imani yake mpya. Wengi waliokisoma kisa hicho walicheka. Lakini kina jambo la kutafakari: shida zilipomzidi, mtu huyu alihitaji kitu ambacho hakukipata alipokuwa, na wenzake hawakumzuia kwenda kukitafuta.

Hofu ya wenye imani

Wasiwasi wa wenye imani juu ya jirani asiyeamini una sababu zake, na sababu hizo si za kijinga.

Ya kwanza ni ya shahidi. Mizani iliyochezewa usiku hakuna anayeiona. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na Kitabu cha Mithali kinalaani mizani ya udanganyifu. Muumini anajua kwamba hata polisi, mnunuzi na ofisa wa vipimo wakilala, yupo asiyelala. Asiyeamini anamhofu nani?

Ya pili ni ya haki. Mfanyabiashara mdogo aliyenyang'anywa mzigo wake wote akafa maskini, na aliyemnyang'anya akafa kwa uzee kitandani pake, hawajalipana hapa duniani. Kwa muumini kesi yao bado ipo. Kwa asiyeamini kesi hiyo imefungwa, na aliyeonewa ameshindwa moja kwa moja.

Ya tatu ni kifo chenyewe. Mama anayemzika mtoto huambiwa kwamba wataonana. Asiyeamini hana neno hilo la kumpa.

Wasioamini nao wana jibu, na wanaanzia kwenye ile sababu ya kwanza. Mtu anayeacha kuiba kwa sababu tu anaangaliwa, wanasema, hajawa mwaminifu bado. Huyo ni mwizi anayengoja mlinzi ageuke. Wao wanashikilia kwamba njaa ya mtoto wa jirani inatosha kuwa sababu ya kutompunja jirani. Kuhusu haki, wanasema kesi isiyo na hakimu wa baadaye inabidi isikilizwe sasa, na aliye hai ndiye mwenye jukumu la kuisimamia. Kuhusu kifo wengi wao hawana la kusema, na wanakiri hivyo.

Wawili waliopishana mpakani

Ubishi huu una historia yake Afrika Mashariki, na wawili walioubisha vizuri kuliko wengi walipishana kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

John Mbiti alizaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931. Alisoma Makerere, akapata shahada ya udaktari Cambridge, akawa padri wa Kianglikana, kisha akarudi kufundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, Uganda, mwaka huohuo wa 1931, mtoto wa mwalimu Mkristo. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na tima ya taifa ya mpira wa miguu, akabaki huko kusoma. Akiwa masomoni aliachana na imani aliyolelewa nayo. Aliporudi alikosana na serikali ya nchi yake, akavuka mpaka na kufanya kazi Kisumu, kisha Nairobi. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Mkenya aliyeamini alikuwa anafundisha Kampala, na Mganda asiyeamini alikuwa anafundisha Kenya.

Mbiti alitoa mwaka 1969 kitabu kilichompa jina duniani, African Religions and Philosophy. Hoja yake ni kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo, shambani, sherehekeni na msibani, na kwamba watu wa Afrika walimjua Mungu mmoja kabla ya wamisionari kufika. Alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka makabila zaidi ya 200. Kwa mtu wa namna hiyo, kuuliza kama maisha yana maana bila Mungu ni kama kuuliza kama samaki anaweza kuishi nchi kavu.

Okot alimjibu mwaka uliofuata, katika kitabu African Religions in Western Scholarship. Alisema wasomi waliosomea kwa wamisionari waliwavika wazee wa Kiafrika kanzu ya kigeni. Akatoa kisa cha mwaka 1911. Mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, kwa hiyo swali likafasiriwa kuwa "nani aliwafinyanga?" Wazee wakashangaa. Watu huzaliwa na mama zao, hawafinyangwi. Mapadri wakakazana, hadi mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu mzima akipata kifua kikuu cha uti wa mgongo hupinda, kama aliyefinyangwa upya, na anayemfanyia hivyo ni pepo aitwaye Rubanga. Akawatajia jina hilo. Wamisionari wakaondoka wakifurahi kwamba wamempata Mungu wa Waacholi, na jina hilo likabaki kutumika makanisani.

Wachungaji na wasomi wengine hawakukubaliana naye, na Waacholi wanaosali leo kwa jina hilo hawamwombi pepo wa kibyongo. Neno huhama maana kama bidhaa inavyohama soko. Lakini swali la Okot linabaki pale pale. Kama wazee wale waliishi, wakaoa, wakalima, wakagombana na kupatana, wakazika wafu wao kwa heshima, bila kufikiria muumba hata siku moja, je, maisha yao hayakuwa na maana?

Okot alijibu swali hilo katika maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1982. Alisema mtu hazaliwi huru hata kidogo. Anazaliwa akiwa mtoto wa fulani, mdogo wa fulani, mpwa wa fulani, na baadaye anakuwa mume au mke, mzazi, mkwe, jirani. Kamba hizo ndizo zinazomfanya awe mtu. Ukizikata zote, kinachobaki hakina maana yoyote.

Ajabu ni kwamba Mbiti, aliyemwamini Mungu hadi alipofariki Oktoba 2019, aliandika jambo linalokaribiana sana na hilo: mtu yupo kwa sababu wenzake wapo. Hata wafu aliwaeleza kwa njia hiyo, na kwa maneno ya Kiswahili. Marehemu anayekumbukwa kwa jina na walio hai bado yumo katika Sasa. Akifa mtu wa mwisho aliyemfahamu, anaingia katika Zamani.

Tofauti yao haikuisha. Kwa Mbiti, kamba hizo zote zimefungwa kwenye mti mmoja, na mti huo ni Mungu. Kwa Okot zimefungana zenyewe kwa zenyewe, na zinatosha.

Lumbesa haina dhehebu

Mfanyabiashara ana mahali pa kuzipima hoja hizi. Lumbesa, lile gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kichwa ili mkulima alipwe la kilo mia huku akitoa zaidi, hufungwa na watu wanaosali Ijumaa na wanaosali Jumapili. Kopo la kupimia lililobonyezwa kitako limetumika katika masoko ambayo kila kibanda kina aya au msalaba ukutani. Kumtaja Mungu hakukuzuia hayo. Vilevile hakuna aliyethibitisha kwamba mtu akiacha dini mizani yake hunyooka. Anayetoa mali kauli anajua la kuuliza: huyu alimlipa nani mwaka jana? Mama yake yuko wapi? Akikwama, nani atamsimamia?

Maswali hayo matatu yanakaribia sana kamba za Okot. Yanauliza kama mtu huyu amefungwa na wengine, na kama anavijali vifungo hivyo. Mtu asiye na Mungu anaweza kuyajibu vizuri, na maisha yake yakawa na kazi, watu na sababu ya kuamka. Asichonacho ni shahidi wa mwisho, na pale penye dhuluma isiyolipwa au kaburi la mtoto, upungufu huo unauma. Muumini anacho kitulizo hicho, ila hakimwondolei wajibu wa kunyoosha mizani kabla jua halijazama.

Deni la marehemu

Msibani kwa Waislamu, kabla maiti haijaenda kaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Sheria ya Kiislamu inataka deni lilipwe kabla ya mirathi kugawanywa. Familia za Kikristo nyingi nazo huuliza hivyo katika kikao cha baada ya mazishi. Hapo hutokea mtu aliyevuka mpaka kwa bodaboda, hajulikani na nusu ya waliohudhuria, na kusema kwamba alimpa marehemu marobota matatu kwa mali kauli mwezi wa nne.

Watoto hutazamana. Mkubwa anaweza kulipa kwa sababu anaamini roho ya baba yake imefungwa na deni lile hadi litolewe. Mdogo wake, ambaye labda aliacha kusali tangu chuoni, huingiza mkono mfukoni pia, kwa sababu baba alisema atalipa. Aliyekuja kudai anazihesabu noti za wote wawili, anaandika chini ya karatasi kwamba amelipwa, na anakaa kula na wafiwa.