Eyam: Kijiji Kilichojifungia Kuzuia Tauni

Msikilizaji, jina la kijiji hiki huandikwa Eyam lakini wenyeji hulitamka "Iim". Sisi wenyewe tulilikosea hewani. Kiko Derbyshire, Uingereza, kwenye vilima vya malisho ya kondoo na kuta za mawe.

Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiua watu London. Fundi nguo mmoja wa Eyam alipokea kitambaa kutoka huko, na inasemekana kilikuwa na viroboto. Msaidizi wake, George Viccars, alifariki Septemba. Wakafuata majirani.

Juni 1666 mchungaji William Mompesson, pamoja na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwaomba wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usifike vijiji vingine. Wakakubali. Ibada zilihamia bondeni, watu wakisimama mbalimbali, na kila familia ilizika maiti zake. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Makaburi yao yapo shambani hadi leo. Mke wa mchungaji, Catherine, naye alikufa Agosti. Idadi inayotajwa zaidi ni vifo 260.

Chakula je? Majirani walikiweka mpakani na kuondoka. Malipo yaliachwa kwenye jiwe lenye matundu yaliyotiwa siki, au ndani ya kisima kilima juu, maji yasafishe sarafu. Habari za vijidudu hawakuzijua, lakini hapo walibahatisha vizuri.

Siku hizi, kila mwisho wa Agosti, visima vya Eyam hupambwa kwa ufundi maarufu wa Derbyshire. Mbao hulowekwa majini siku kadhaa, zikapakwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chumvi ili usikauke upesi. Picha huchorwa kwenye karatasi, ikatobolewa kwa sindano juu ya udongo hadi mistari ionekane. Mistari hufuatishwa kwa mbegu, kisha petali za maua hubandikwa moja moja, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika iliyo chini yake. Aliyewahi kuezeka makuti anajua sababu: mvua iteleze. Kazi ya siku nyingi, na baada ya wiki moja hivi maua yamenyauka.

Lile jiwe la mpakani bado lipo. Wageni hupita na kuacha sarafu matunduni.