Klachi Inapochakaa: Dalili na Sababu Zake

Mtama umo kando ya barabara kuu itokayo Mingoyo kwenda Masasi, katika bonde la mto Lukuledi. Kaskazini kuna uwanda wa juu wa Rondo, na kusini uwanda wa Makonde. Msimu wa korosho, unaoanza yapata mwezi wa Oktoba, magari yaliyosheheni magunia hutoka vijijini kwa njia za mchanga na udongo kuelekea maghala ya ushirika. Mvua nazo huwahi kunyesha kabla ya msimu kwisha. Gari likishindwa kupanda kilima wakati huo, shehena hulala njiani. Mara nyingi injini ndiyo hulaumiwa, kumbe ni nzima. Kilichokwisha ni klachi.

Klachi ni kiungo baina ya injini na giaboksi. Ndani yake mna sahani, ambayo mafundi huiita klachi pleti, yenye tabaka la msuguano pande zote mbili. Sahani hiyo hubanwa kwa kani ya springi baina ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, na presha pleti. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachiwa na injini huzunguka peke yake. Akiinua mguu, sahani hubanwa tena. Hapana meno wala mnyororo baina yao: gari zima husukumwa kwa msuguano tu.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kulipima jambo hili kwa hesabu. Uwezo wa klachi kupitisha nguvu ya kuzungusha ni zao la idadi ya nyuso zinazosuguana, kizigeu cha msuguano, kani ya springi na nusu kipenyo cha wastani. Tuchukue nyuso 2, kizigeu 0.3, kani ya nyutoni 4000 na nusu kipenyo cha mita 0.1. Zao ni nyutoni-mita 240. Injini itoayo nyutoni-mita 170 haiwezi kuitelezesha klachi hiyo. Lakini mafuta ya injini yakivuja yakaipaka sahani, na kizigeu kikashuka hadi 0.1, uwezo utakuwa nyutoni-mita 80 tu. Klachi itateleza hata kama sahani ni mpya.

Eneo la sahani halimo katika hesabu hiyo. Sahani iliyochakaa haikushindwa kwa kuwa imekuwa ndogo, bali kwa kuwa imekuwa nyembamba. Kadiri inavyolika, presha pleti huhama mahali pake, na hatimaye kani ya kubana hupungua. Katika magari yenye klachi ya waya, ule mchezo mdogo wa pedali nao hupotea. Usiporekebishwa, hali huwa sawa na ya dereva asiyeondoa mguu juu ya pedali.

Dalili kuu ni hii: gari likiwa katika gia kubwa, hasa mlimani, dereva huongeza mafuta, mngurumo wa injini hupanda, lakini mwendo hauongezeki. Tuseme injini yazunguka mara 3000 kwa dakika, shafti iingiayo giaboksi mara 2400, na nguvu ya kuzungusha ni nyutoni-mita 150. Joto litokalo hapo lapita kilowati 9, sawa na pasi tisa za umeme za wati 1000 kila moja. Ndiyo maana harufu ya kuungua husikika.

Jaribio moja laweza kufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare, pasipo mtu mbele wala nyuma yake. Breki ya mkono huvutwa kwa nguvu, gia ya tatu huingizwa, kisha pedali huachiwa polepole. Klachi nzima huizima injini mara moja. Injini ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza. Jaribio lisirudiwe-rudiwe, kwani lenyewe huzidisha joto na ulikaji.

Yafaa pia kutofautisha magonjwa. Gia zikikwaruza au kukataa kuingia ilhali pedali imekanyagwa hadi chini, klachi haiachii. Waya au mfumo wa mafuta ya klachi ukaguliwe kwanza. Kelele isikikayo pedali ikanyagwapo tu, kwa kawaida hutoka katika beringi ya klachi. Asiyejua tofauti hizi aweza kununua sahani asiyoihitaji. Na anayebadilisha sahani iliyolowa mafuta bila kuziba mvujo atairudia kazi ile ile.

Kuna hatari mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Kwanza, klachi iliyokwisha kabisa haiwezi kutegemewa kuunganisha injini na magurudumu wakati wa kuteremka mlima. Injini ikishindwa kusaidia kupunguza mwendo, mzigo wote huziangukia breki. Pili, sahani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani na maradhi mengine ya mapafu. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowanishwe na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Uhai wa klachi hutegemea sana mguu wa dereva. Asiyelishikilia gari mlimani kwa klachi, asiyepumzisha mguu juu ya pedali, na asiyezidisha mzigo, huitumia sahani moja kwa miaka mingi. Aitambuaye dalili mapema hulipeleka gari kwa fundi kabla msimu haujaanza.