Ukokotoaji wa Malipo ya Mwaka kwa Wafanyakazi wa Dharura wa Zamu Ndefu: Mfano wa Kingolwira, Morogoro

Kata ya Kingolwira iko mashariki mwa mji wa Morogoro, katika ukanda wa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, ambako huduma za dharura hazina usiku wala sikukuu. Makala hii inafafanua namna ya kukokotoa malipo ya mwaka ya mhudumu wa gari la wagonjwa aliyeajiriwa na mwajiri binafsi. Askari magereza, ambao gereza la Kingolwira limewafanya kuwa sehemu ya sura ya mahali hapo, hawahusiki: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawatenga.

Chukulia mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi na mkataba unaotaja saa 45 kwa wiki. Jedwali la Kwanza la Sheria huzidisha saa za wiki kwa 4.333, kigawanyo ni takribani 195, na saa moja ina thamani ya shilingi 2,000. Mzunguko wa zamu ni wa siku nane: mbili za mchana, mbili za usiku, kisha mapumziko ya siku nne, kila zamu saa 12. Likizo ya siku 28 ikiondolewa, zinabaki siku 337, yaani zamu 168.5.

Wastani wa mzunguko huo ni saa 42 kwa wiki. Mwajiri akiutazama wastani pekee atasema hakuna saa za ziada, na hapo ndipo hesabu nyingi hupotoka. Kifungu cha 19 kinaweka pia kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku. Kwa hiyo kila zamu ina saa 3 za ziada: jumla saa 505.5, ambazo kwa mara moja na nusu ni shilingi 1,516,500.

Kifungu cha 21, hata hivyo, kinaruhusu makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwamo, bila malipo ya ziada, mradi saa 45 za wiki zisipitwe. Katika mzunguko huu nusu ya wiki zina saa 48 na nusu nyingine 36. Wiki takribani 24 zitazaa saa 72 za ziada, sawa na shilingi 216,000. Karatasi hiyo moja inabeba tofauti ya shilingi 1,300,500, zaidi ya mishahara ya miezi mitatu.

Posho ya usiku ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Zamu ya saa moja jioni hadi saa moja asubuhi ina saa 10 za usiku kisheria, kila moja ikiongezewa asilimia 5. Kwa mwaka ni shilingi 84,250, kabla ya nyongeza ndogo kwa saa za usiku ambazo pia ni za ziada. Saa za sikukuu hulipwa mara mbili.

Jina la kazi lisichanganywe na dharura ya kisheria. Ajali ya lori la mafuta ya Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa dharura. Zamu ya kawaida ya kusubiri wito si dharura. Tena, msamaha wa kifungu cha 17 hulegeza vikomo vya saa, haufuti malipo yake.

Mgogoro wa malipo hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mwajiri asipoweza kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye.