Usiisugue pauni ya nyanya

Je, umefungua sanduku la marehemu nyanya yako na kuikuta pauni yake ya dhahabu, ile yenye mpanda farasi na joka, imeingia madoa mekundu au ya kahawia? Usishtuke, wala usikubali upesi mtu akikuambia kuwa ni bandia.

Dhahabu tupu haishiki kutu. Lakini pauni ya Uingereza si dhahabu tupu. Uzito wake ni karibu gramu 8, na katika kila sehemu 12, 11 ndizo dhahabu. Kilichobaki hasa ni shaba, iliyotiwa ili sarafu iwe ngumu. Shaba hiyo ndiyo inayogeuka rangi ikipata unyevu, jasho la vidole au salfa.

Kosa kubwa ni kuisugua kwa majivu, mchanga au dawa ya meno. Itang'aa, ndiyo, lakini utakuwa umeikwangua nakshi. Wakusanyaji wa sarafu huitambua mara moja, na bei hushuka. Doa halipunguzi dhahabu. Mkwaruzo hautoki kamwe.

Basi ufanyeje? Ishike kwa ukingo. Ikiwa na uchafu, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kisha igusegushe kwa kitambaa laini mpaka ikauke. Iweke pakavu, mbali na mpira na plastiki laini. Ukitaka kuiuza, tafuta kwanza ajuaye sarafu, si sonara anayepima uzito tu. Haraka haraka haina baraka.